Bustani ya ardhioevu Tabora: ipaliliwe au iachwe?

Kupanda mafunjo, matete na yungiyungi kwenye bonde la bustani ya umma mjini Tabora ni jambo jema. Mimea hiyo hupunguza kasi ya maji ya mvua, hushika tope na huvuta ndege. Ubishi huanza miche ikishaingia ardhini. Wapo wanaosema ardhioevu hujitunza, iachwe. Wapo wanaotaka ipaliliwe kama shamba. Mimi niko na hawa wa pili, ila kwa misimu miwili ya mvua ya mwanzo tu.

Wanaotaka iachwe wana hoja nzito. Magharibi mwa mkoa wetu kuna Malagarasi-Muyovozi, eneo la kwanza la Tanzania kuingia kwenye orodha ya Ramsar, yaani ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 2000. Ni zaidi ya hekta milioni 3, na hakuna anayelipalilia. Tena palizi yenyewe ina hatari zake. Ndago, gugu sugu la shambani, na mafunjo ni ndugu, wote wana mabua ya pembe tatu. Kibarua aliyezoea shamba la mahindi anaweza kuking'oa kile kile kilichopandwa kwa gharama. Kila anapokanyaga tope anaumiza mizizi ambayo bado haijashika.

Lakini Malagarasi haikuanza na udongo uliochimbuliwa wiki iliyopita. Bonde jipya lina jua tele na nafasi tupu, na wa kwanza kuiona nafasi hiyo ni ukoka na ndago. Miche ikizidiwa kabla ya Aprili, kiangazi kitaimaliza.

Hofu kubwa ya wakazi ni mbu, na hofu hiyo si ya kubezwa. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 uliukuta mkoa wa Tabora ukiongoza nchini kwa malaria kwa watoto wadogo: asilimia 23, wakati wastani wa taifa ni asilimia 8. Mzazi anayeuliza kwa nini tunatengeneza maji yaliyotuama karibu na nyumba yake anastahili jibu la kweli.

Jibu lenyewe lina pande mbili. Anofelesi gambiae, mbu hatari sana kwa malaria, hupenda vidimbwi vidogo vya muda, vyenye jua na visivyo na majani. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama siku 10 hivi. Watoto wa kereng'ende, ambao huwala viluwiluwi vya mbu, huchelewa kujijenga kwenye maji mapya. Kwa hiyo bustani ya ardhioevu ni hatari zaidi katika msimu wake wa kwanza, kabla ya kivuli na kabla ya walaji. Ikikomaa, kivuli humpunguza gambiae, ingawa ndugu yake, funestus, ambaye naye hueneza malaria, hupenda maji ya kudumu yenye mimea. Nani atafukia nyayo za ng'ombe na vishimo pembeni, na kukagua viluwiluwi kila wiki, ikiwa tumeamua kuiacha?

Kiangazi, kuanzia Mei hadi Oktoba, nisingemwagilia kwa maji ya bomba. Mkoa huu una watu wanaojua kushika maji kwa tuta: wakulima wa mpunga wa majaruba. Hao ndio wa kuulizwa tuta liwe na kimo gani na mlango wa maji ukae wapi, kabla ya kumlipa mtaalamu kutoka mbali.

Baada ya misimu hiyo miwili, mkono upungue. Kazi inayobaki ni matete, ambayo yakiachwa hula bonde zima. Yakatwe kiangazi, yasichomwe, na yapewe wanaojenga uzio. Ukitaka yachipue tena, kata juu ya maji. Ukitaka kuyapunguza, kata chini ya maji, kwa sababu visiki vikizama, mizizi hukosa hewa na kuoza. Kufyeka kando ya njia kuendelee kila mwaka, kwani wasichana wanaopita jioni wana haki ya kuona kilicho mbele yao.

Halmashauri ikiwa na fedha ya miche peke yake, ipande robo ya bonde, na fedha ya robo tatu iliyobaki iwalipe vibarua waliofundishwa kuitofautisha ndago na mafunjo.