Mwaka mmoja wa Mahakama na ndoa ya miaka 15

Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ilitupilia mbali rufaa ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali dhidi ya Rebeca Gyumi, mwanasheria mzaliwa wa Dodoma aliyekwenda mahakamani kupinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Vifungu hivyo vinaruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya baba, au mama ikiwa baba hayupo duniani, ilhali mvulana anasubiri mpaka 18. Kwa kibali cha mahakama, hata mwenye miaka 14 anaweza kuingia kwenye ndoa. Mahakama Kuu ilishasema Julai 2016 kuwa hayo yanakinzana na Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja irekebishe na umri uwe 18 kwa wote. Rufani ikaubariki uamuzi huo. Mwaka ukapita, sheria haijaguswa.

Tangu hapo ubishi umekwama kwenye 15 au 18. Ubishi wenyewe una hoja, na si haki kumwona kila anayesita kuwa ni mtu wa zama za giza. Sheria ya 1971 ilikuja baada ya Waraka wa Serikali namba 1 wa 1969, ambao uliwaita Waislamu, Wakristo, Wahindu na watu wa mila kwenye sheria moja ya ndoa. Kufika kwenye miaka 15 kulihitaji maafikiano. Ndiyo maana mbele ya majaji Serikali ilijitetea kwamba tofauti ile ya umri ilizingatia mila na dini, na kwamba binti akipata ujauzito, ndoa inamstiri yeye na mtoto wake. Kondoa utawasikia masheikh wakiuliza kwa nini aliyebalehe na kuridhia azuiwe na Serikali jambo ambalo dini yake haimzuii. Ni swali la haki, nalo haliondoki kwa kuzomewa.

Ila hoja ya kustiri inanipa shida. Inamchukua msichana aliyekosewa, kisha inamkabidhi kwa aliyemkosea. Nayo ya kwamba wasichana hukua mapema, majaji waliipima wakaona haitoshi kuhalalisha sheria moja iwe na mizani miwili. Ibara za 12 na 13 za Katiba zinazungumzia usawa bila kutenga balehe.

Kwa Dodoma hili si jambo la kusimuliwa kutoka mbali. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2010 ulionyesha kuwa asilimia 51 ya wanawake wa mkoa huu wenye umri wa miaka 20 hadi 24 waliolewa kabla ya 18, nyuma ya Shinyanga (59), Tabora (58) na Mara (55). Takwimu ni za zamani, lakini waliohesabiwa pale leo ndio mama wa mabinti wanaoposwa.

Chukua mabinti wawili wa kijiji kimoja Mpwapwa, wote wana miaka 16. Mmoja yuko kidato cha pili. Anayetaka kumposa anajua kuna kifungu cha 60A cha Sheria ya Elimu, kilichoingizwa 2016, kinachotoa miaka 30 jela kwa anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi. Mwenzake aliishia darasa la saba. Kwake mshenga anakaribishwa, chai inachemka, wazee wanajadili ng'ombe wa mahari na wangapi watabaki kuwa deni. Mtendaji wa kijiji akiletewa taarifa, swali lake la kwanza halihusu Katiba. Anauliza, "Huyu anasoma?" Akiambiwa hasomi, daftari linafungwa. Basi ulinzi wa mtoto huyu umetundikwa kwenye sare ya shule, na walioshindwa kununua sare ndio wamebaki nje.

Sasa twende kwenye kitu ambacho mjadala unakipita kwa mbio. Ibara ya 30(5) ya Katiba inairuhusu Mahakama Kuu, badala ya kuitangaza sheria kuwa batili papo hapo, kuipa Serikali muda wa kuondoa kasoro. Katika muda huo sheria inahesabika halali mpaka irekebishwe au muda uishe, na kinachotangulia ndicho kinachoshika. Soma hapo polepole. Marekebisho hayakuja, muda ukaisha. Hata ukianza kuhesabu kwenye hukumu ya Rufani, mwaka ule ulikoma Oktoba 2020. Kwa usomaji huu, vifungu vile vilikufa siku hiyo na kinachosomwa vitabuni ni maiti.

Wapo wanasheria wanaoona hivyo, nami naegemea kwao. Lakini wanaosita wana jambo la maana. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 130(2)(e), inahesabu kuwa ni ubakaji kujamiiana na msichana wa chini ya miaka 18 hata akiridhia, isipokuwa awe mke wa mtu huyo na awe ametimiza miaka 15. Ukisema ruhusa ya ndoa ilikufa 2020, kijana wa Bahi aliyeoa binti wa miaka 16 mwaka 2022, mbele ya wazee na kwa mahari kamili, hana mke kisheria. Basi ni mbakaji? Na binti mwenyewe, akiachwa kesho, anadai matunzo na mgawo wa mali kwa ndoa ipi? Ukiua kifungu bila kuandika kingine, unaweza kumwumiza yule yule uliyetaka kumwokoa.

Serikali imekuwa ikieleza kwamba inakusanya maoni ya wadau. Kuna pia wanaosema Mahakama ilivuka mpaka ilipotaja 18 yenyewe, kwamba ingeishia kusema "hakuna usawa" na namba iachiwe Bunge. Kinadharia nawaelewa. Kiutendaji, Sheria ya Mtoto ya 2009 ilishamtaja mtoto kuwa ni mtu wa chini ya miaka 18, na Bunge ndilo lililoipitisha. Mahakama haikuokota namba barabarani.

Kuhusu kukusanya maoni, nina neno. Mei 2020 Mahakama Kuu ilibatilisha kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinachonyima dhamana kwa makosa kadhaa. Serikali ikakata rufaa, na Agosti mwaka huo huo Rufani ikawa imekirudisha. Miezi mitatu! Ikitaka, Serikali inakimbia.

Kwa hiyo sioni tena faida ya kongamano jingine la 15 au 18, ukumbi ukiwa umejaa watu waliokwisha kuamua. Umri umeamuliwa na chombo cha mwisho kwa mujibu wa Katiba yetu. Kilichobaki ni kazi ya uandishi: kifungu cha umri, kifungu cha ndoa zilizofungwa tangu muda ulipoisha, kinga kwa watoto na mali za mabinti walioko ndani ya ndoa hizo, na marekebisho ya Kanuni ya Adhabu yaende sambamba. Hapo hata masheikh na wachungaji wana mengi ya kuchangia, maana wao ndio walifungisha nyingi kati ya ndoa hizo. Wizara ya Katiba na Sheria iko Mtumba, Bunge liko hapa hapa Dodoma. Muswada huo hauna sababu ya kulala njiani.