Kukariri neno au kulisubiri kwenye maongezi?

Hapa Bagamoyo sisi tunaotembeza wageni tuna ubishi wetu hauishi, kwamba anayejifunza Kijerumani au Kingereza akariri maneno kwenye daftari au aachane nalo akapige stori na wageni tu, mi nimepita kote kote.

Watu wa daftari wana hoja nzito. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alishaonyesha toka 1885 kwamba ulichokariri kinakutoka haraka mwanzoni, ila ukikirudia kwa kuachia nafasi kinakaa. Halafu mtafiti Paul Nation mwaka 2006 alipiga hesabu akaona kusoma gazeti au riwaya ya Kingereza bila msaada unahitaji familia za maneno (neno pamoja na maumbo yake yote, kama "read", "reader", "reading") kama 8,000 mpaka 9,000, na hizo huzipati kwa maongezi ya njiani kwenda magofu ya Kaole maana kila siku ni bei, joto na umbali.

Ila kwenye maana zinazokaribiana daftari linakwama. Langu niliandika "wissen" kujua, na "kennen" kujua. Basi siku moja nikamuuliza mama mmoja kama anapajua Kaole, nikatumia "wissen", akatulia kidogo ndo akanielekeza taratibu, kwamba mtu au mahali ulipopazoea ni "kennen", "wissen" ni kujua habari, kwamba jambo fulani liko hivi. Sijakosea tena.

Na kuna maneno yanayogusa watu. Pale Caravanserai, kituo cha zamani cha misafara, ukisema "slave" kwa mtumwa kamusi iko upande wako, lakini siku hizi wageni wengine wanasema "enslaved people", watu waliotiwa utumwani, kwa sababu hapo unakumbuka kuna mtu alimfanyia mwenzake hivyo. Sasa mgeni mweusi kutoka Marekani amesimama mbele yako kimya, neno gani litoke mdomoni hapo unalisoma usoni kwake.

Stori nazo lakini si za kuaminiwa zenyewe, wageni wana adabu, hawakurekebishi. Mwenzangu mmoja miaka na miaka alikuwa anasifia vinyago kwa kusema "cheap", wanatabasamu wanapita, kumbe neno lile linabeba na maana ya kitu hafifu. Angefungua kamusi nzuri mara moja tu angeona.

Hata jina la mji wetu, bwaga moyo, lina huo mtihani. Wapo wanaosema ni wapagazi wa pembe za ndovu, wakifika pwani wametua mzigo moyo unapumzika, wapo wanaosema ni mateka anauacha moyo wake hapa maana mbele ni bahari. Nikimwambia mgeni "lay down your heart" anafurahi, lakini kulaza kitu taratibu siyo kubwaga, kubwaga kuna kishindo, kuna uchovu, unabwaga mzigo ukapata nafuu na unabwaga manyanga ukikata tamaa, kwa hiyo hadithi zote mbili zimo ndani ya kitenzi kimoja na Kingereza kinakupa nusu.

Mi sasa hivi siandiki tena neno peke yake. Naandika sentensi nzima kama mgeni alivyoitamka, pembeni naweka nani na wapi, halafu naipitia kesho, wiki ijayo, mwezi ujao kama watu wa daftari wanavyotaka. Kwenye "kennen" nimeandika: "Ich kenne Bagamoyo schon" (Bagamoyo naijua tayari), mzee, soko la samaki, safari yake ya tatu.