Lita 500 za mafuta ya taa

Nyumba nyingi za mashambani Uingereza ambazo bomba la gesi halijafika zinapashwa joto kwa mafuta ya taa. Ndiyo, haya haya ya koroboi. Linalonikera ni kwamba lori kwa kawaida haliji kwa chini ya lita 500, hata kama mfuko wako ni wa lita 20. Lakini kodi yake ni VAT ya asilimia 5 tu, na hutiwa kiashiria cha kemikali ili mwenye gari akikutwa nayo badala ya dizeli yenye kodi, aadhibiwe yeye.

Kwetu Tanzania mwaka 2011, ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli kwa mafuta ya taa, tulipandisha ushuru wa mafuta ya taa ukaribie wa dizeli. Bibi wa koroboi akabebeshwa dhambi za wenye malori. Mtasema Ulaya imenilevya, mbona vinasaba, yaani kiashiria kama hicho cha kwenye mafuta, vipo tangu 2010? Vipo, na ndiyo maana inaniuma: kifaa cha kumkamata mwizi tulikuwa nacho mkononi.

Hata hivyo, anayenunua nyumba huku Uingereza asikimbilie boila, mtambo wa kuchoma mafuta hayo ili kupasha nyumba. Lita moja ina karibu uniti 10 za nishati, sawa, lakini tanki ni kazi. Agiza ikibaki robo. Umande na tope hukaa chini. Mafuta yakiisha kabisa, mrija unavuta uchafu na hewa, filta inaziba, kichomeo kinajizima katikati ya Januari, na fundi lazima aje kutoa hewa. Tanki liwe la kuta mbili, maana likivuja kusafisha udongo ni gharama kubwa.

Mimi ningeanza na dari: sufi ya milimita 270 ya kuzuia joto lisitoke. Kisha pampu ya joto, mashine ya umeme inayovuta joto la nje na kuliingiza ndani, ambayo kwa uniti moja ya umeme inaleta karibu tatu za joto, mradi maji yazunguke kwa nyuzi 45 hadi 50 na radieta, zile paneli za ukutani zinazotoa joto, ziwe kubwa. England na Wales kuna ruzuku ya pauni 7,500. Jiko la kuni liwe la akiba. Kuni ziwe na unyevu usiozidi asilimia 20, vinginevyo dohani hujaa lami na kushika moto.

Wanaobaki na mafuta huunganisha oda kijiji kizima ili bei ishuke. Hilo sisi watu wa upatu hatufundishwi na mtu.

Na anayesema nyumbani siku hizi kuna mtungi wa gesi wa kilo 6: mtungi unajazwa kwa mkupuo. Mafuta ya taa yanapimwa kwa kopo.