Siku Gita Langu la Besi Lilipoweka Pingamizi

Kwa kuwa mpiga dramu wetu amekwisha kuisambaza habari hii, kwamba nilipinga ndoa ya watu kanisani, katika makundi manne ya WhatsApp, likiwamo kundi la wazazi wa darasa la tatu ambamo yeye hana hata mtoto mmoja, naona ni haki na mimi nieleze upande wangu kabla haijavuka maji na kufika Sengerema. Naomba ieleweke tangu mwanzo kwamba simfahamu bibi harusi yule. Sijawahi kusoma naye, sijawahi kumwandikia barua, na Jumamosi iliyopita ndiyo kwanza nilikuwa namwona, tena kwa mbali na kupitia shela. Nilichokipinga mle kanisani ni umeme.

Mnaonifuata siku zote mnalijua gita langu, maana nimelisifu hapa kuliko ninavyomsifu mke wangu, kosa ambalo nimekwisha kulilipia. Kwa ajili ya wageni: ni gita la besi la nyuzi nne, la miaka ya 1960, lililokuwa jekundu na sasa lina rangi ya nyanya iliyosahauliwa sokoni, lenye swichi tatu ambazo moja haina kazi yoyote inayojulikana. Beji ya kampuni ilikwisha kung'oka, yamebaki matundu mawili. Nyuma ya shingo kuna kibamba kinachosema limetengenezwa Japani. Enzi hizo viwanda vya Japani vilitengeneza kwa wingi magita ya bei nafuu kwa ajili ya wauzaji wa Marekani, na gita lilelile moja liliweza kuingia madukani kwa majina tofauti, kwa hiyo hata beji ingekuwapo isingetosha kuniambia baba yake ni nani. Urefu wa uzi, kutoka kizingiti cha shingoni hadi darajani (pale nyuzi zinapofungwa kwenye kiwiliwili), ni sentimita 76 hivi, wakati besi ya kampuni ya Fender iliyotoka mwaka 1951 na kuigwa na karibu kila mtu ina sentimita 86. Kwa mtu mwenye vidole vifupi kama vyangu, sentimita hizo kumi ni rehema.

Nililinunua kwa shilingi 180,000 kwa mzee mmoja wa Ukerewe aliyepiga muziki wa dansi ujanani mwake, akanitumia kwa meli kutoka Nansio likiwa limeviringishwa kwenye mkeka na kulazwa juu ya magunia ya dagaa. Mpaka leo, likipata joto, mbao zake hutoa harufu ya mwaloni wa Kirumba, nasema soko la samaki la hapa Mwanza, siyo mti, saa nne asubuhi. Kifungo cha mkanda upande wa kitako kilikuwa kinacheza, kwa sababu tundu la skrubu lilikuwa limetanuka, nami nikalijaza njiti tatu za kiberiti na gundi. (Njiti hizo zikumbukeni.) Nyuzi nazo zilikuwa zimekufa sauti, na kwa kuwa nyuzi mpya za besi hapa mjini ni za kutafutwa kwa tochi, nikazichemsha. Msicheke. Kuchemsha nyuzi ni tiba inayojulikana kwa wapiga besi, maana maji ya moto huondoa jasho na uchafu uliojikusanya katikati ya mizunguko ya uzi, na mlio hurudi kwa siku kadhaa. Kosa langu lilikuwa kwenye sufuria. Nilitumia ile ya ugali. Nilipojaribu kumweleza mke wangu kwamba James Jamerson, yule mpiga besi mkuu wa studio ya Motown huko Detroit, hakuwa na desturi ya kubadilisha nyuzi mpaka zikatike, alinijibu kwamba huyo angalau hakuingia jikoni mwa mtu.

Lakini ugonjwa mkubwa wa gita hili ni mngurumo. Pikapu zake (nasema vile visumaku vilivyozungushiwa waya mwembamba wa shaba chini ya nyuzi, siyo magari ya kubebea mchanga kule Igoma) ni za koili moja moja na hazina kinga, kwa hiyo hunasa kila takataka ya umeme iliyomo chumbani, hasa ya zile taa ndefu za mrija zilizojaa kanisani kwetu. Umeme wetu hupiga mizunguko 50 kwa sekunde. Noti ya G ya chini kwenye besi hupiga 49. Matokeo yake, nyimbo zote za ufunguo wa G zilipendeza mno, na mwalimu wa kwaya aliwahi kunipongeza mbele ya wenzangu kwa noti ambayo sikuipiga. Akipandisha ufunguo nusu toni tu, ungedhani kuna mashine ya kusaga mahindi nyuma ya madhabahu.

Wiki moja kabla ya harusi niligundua kwamba mngurumo huo huzidi pale amplifaya yangu inapounganishwa kwa waya na mikisa ya kanisa, ule mtambo wa kuchanganya sauti. Mtu mmoja aliyejaliwa ujasiri kuliko elimu akashauri ukatwe waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme unaovuja, ndani ya plagi ya amplifaya. Mtu huyo ni mimi. Nilifungua plagi, nikaukata ule waya wa kijani wenye mstari wa njano kwa mkasi wa kucha, nikafunga. Mngurumo ulipungua zaidi ya nusu. Tulifanya mazoezi Jumanne, Alhamisi na Ijumaa, nikiwa nimeshika gita huku nikiimba sauti ya nne mbele ya kipaza sauti, na hakuna lililotokea. Nilijiona mhandisi.

Siku ya siku, familia ya bwana harusi ilileta mitambo ya kukodi. Kijana wa mikisa alinijia kwa adabu zote akasema, "Kaka, samahani sana, njia zote kwenye mikisa zimejaa. Wewe tumia spika ya amplifaya yako hiyohiyo, inatosha." Nikakubali, tena kwa tabasamu, bila kujua nimekubali nini.

Hapa mtaniwia radhi nikienda polepole.

Mchungaji alifika mahali pale ambapo kila mwenye kuoa huangalia chini. Alisema, kwa sauti yake ileile nzito, kwamba kama yupo mtu yeyote mwenye sababu ya haki ya kuwazuia wawili hawa wasifunge ndoa, na aseme sasa. Kisha akanyamaza. Kwa utaratibu tuliopanga, kimya hicho kikipita mimi ndiye ninayeanza: noti nne za besi, sauti ya nne iingie, na kwaya nzima ifuate. Kwa hiyo nilijiandaa. Ili gita lisitoe hata mkoromo katika kimya kile kitakatifu, nililaza kiganja changu chote cha kushoto juu ya nyuzi zote nne, kiganja kilicholowa jasho, kwa maana feni zote zilikuwa zimeelekezwa kwa wageni waalikwa. Nikanywa funda moja la maji. Sikujifuta mdomo. Nikausogeza uso wangu kwenye kipaza sauti, taratibu, kwa unyenyekevu, kama mtu anayetaka kumbusu mtoto aliyelala, mpaka mdomo wa juu ukagusa wavu wa chuma.

Fikirieni siafu mia moja walioketi kikao, wakapiga kura, wakakubaliana kwa kauli moja kuuma mdomo wa juu wa mtu mmoja kwa wakati mmoja, huku mtu mwingine akikuvuta kiwiko cha kushoto kwa kamba ya mtumbwi. Taya zangu zilijifunga, kisha zikafunguka zenyewe bila kuniomba ruhusa, na kupitia kipaza sauti ambacho yule kijana alikuwa amekipandisha hadi mwisho kwa sababu sisi wa sauti ya nne hatusikiki, kanisa zima, pamoja na wale waliokosa nafasi wakaketi nje chini ya mwembe, lilisikia sauti yangu ikilia:

"Acha! Acha! Mama yangu, nakufa!"

Yasomeni tena maneno hayo, kisha mjiweke mahali pa baba wa bibi harusi.

Wakati huohuo nilikuwa nimeruka nyuma. Zile njiti tatu za kiberiti zikatimiza ahadi yake, kifungo kikachomoka, mkanda ukaachia, na gita likatua sakafuni kwa kitako. Uzi wa E, ambao ndio mnene kuliko yote, ukatoa mlio mmoja mrefu wa chini kabisa uliozunguka kuta, ukatikisa vioo vya madirisha, na kukataa kuisha. Katika mlio huo ndipo shela ilipogeuka. Bwana harusi aligeuka baada yake, taratibu, kama mtu ambaye angependa kupewa muda zaidi kabla ya kujua. Nyuma yangu fimbo ya dramu ilianguka juu ya sahani ya shaba, na nilisikia mpumuo wa mtu anayejizuia kucheka kwa nguvu zake zote. Huyo mnamjua.

Mchungaji alivua miwani. Katika miaka yote niliyomfahamu sijawahi kumwona akivua miwani madhabahuni.

"Ndugu yangu," akasema, kwa upole ulioniumiza kuliko umeme wenyewe, "unalo pingamizi?"

Nilitaka kusema, "Naomba radhi, ni umeme." Sentensi fupi, rahisi, ambayo ningeitamka siku nyingine yoyote. Lakini mdomo wa juu ulikuwa umekufa ganzi na kuning'inia kama si wangu, ulimi ulikuwa bado unatetemeka, na kilichotoka ni, "Nna… nina… nina…"

"Analo!" akasema mama mmoja wa benchi la pili, kwa sauti ya mtu aliyehudhuria harusi maisha yake yote akiisubiri siku hii.

Upande wa bwana harusi shangazi mmoja alisimama, akakunja kitenge chake vizuri, na kutangaza kwa yeyote aliyependa kusikia, "Mimi nilisema. Tangu siku ya barua ya posa, nilisema." Wenye simu walikuwa wamekwisha kuziinua. Nami nilibaki nimesimama katikati ya watu mia tatu, mkono wa kushoto ukinitetemeka, machozi yakinitoka kwa sababu ambazo ni za kitabibu kabisa, nikirudia "nina… nina…" kama mtu anayeungama.

Mengine yalikwenda haraka. Mzee wa kanisa alinishika mkono kunitoa nje. Mlangoni nikaweza kutamka "shoti". Yule kijana wa mikisa, ili kuhakikisha, akashika nyuzi kwa mkono mmoja na kipaza sauti kwa mwingine, akatamka neno ambalo si la kanisani, nami nikaachiwa huru kwa ushahidi huo. Ndoa ikafungwa. Kwaya iliimba bila besi, kwa ufunguo wa G, na naambiwa kuna waliouliza ule mngurumo mzuri umekwenda wapi.

Fundi umeme mmoja wa Mabatini ndiye aliyenifumbua macho Jumapili jioni. Nyuzi za gita la umeme huunganishwa, kupitia daraja na ule waya wa gita, na bati la amplifaya. Nilipokata ethi kwenye plagi, bati lile liliendelea kupata ethi ya kuazima kupitia waya uliokwenda kwenye mikisa ya kanisa, na ndiyo sababu siku zote tatu za mazoezi nilisalimika. Siku ya harusi waya huo haukuwapo. Umeme uliokuwa ukivuja ndani ya amplifaya ukakaa kwenye nyuzi zangu ukitafuta njia ya kutokea, na njia ikawa mimi, kutoka kiganja cha kushoto hadi mdomoni, kwani kipaza sauti chenyewe kilikuwa na ethi yake safi kupitia mitambo ya kukodi. Fundi alisema haya yote bila kucheka. Nilipokwenda kusoma zaidi nikakuta kwamba mwaka 1972 mpiga gita wa Uskoti aitwaye Les Harvey alikufa jukwaani, huko Swansea, alipogusa kipaza sauti chenye hitilafu ya ethi akiwa ameshika gita lake. Niliifunga simu nikakaa kimya kwa muda. Wenye mikasi ya kucha, ninyi mnajijua.

Siku yenyewe nilifika nyumbani saa kumi na mbili jioni; habari ilikuwa imefika saa tisa, kwa hisani ya mpiga dramu na jirani anayeuza dagaa. Mke wangu alinipokea lile gita mlangoni, akaliegemeza ukutani, akanitengea maji ya kuoga, kisha akasema, "Karibu, baba watoto. Pole sana kwa kuachwa." Amekwisha kuyaamini maelezo ya fundi, kwa kinywa chake mwenyewe, ila kila nikichelewa kujibu swali lolote husema, "Nina… nina…" na watoto huangua kicheko. Baba wa bibi harusi naye amekubali, ingawa nasikia amemtuma mtu kuulizia nilisoma sekondari gani.

Plagi imewekewa waya mpya wa ethi, mngurumo umerudi wote, na kifungo cha mkanda sasa kina skrubu nene iliyokazwa kwenye kigingi cha mninga. Jumamosi ijayo kuna ndoa nyingine na nimeombwa kupiga. Mchungaji ameridhia kwa sharti moja, ambalo amelitangaza mbele ya kwaya nzima: gita lisichomekwe mahali popote mpaka lile swali liwe limeulizwa, limesubiriwa, na limepita.