Mzigo wa mtandaoni ulale wapi: godauni la nje ya mji au stoo ya Kariakoo?

Kampuni ya kuuza bidhaa mtandaoni, Jumia, ilipofunga shughuli zake Tanzania mwishoni mwa Novemba 2019, ilikuwa ni miezi saba tu tangu hisa zake zianze kuuzwa New York. Wapo waliosema Mbongo hanunui kitu asichokishika. Hoja hiyo haikuwa na mashiko hata wakati huo, maana Instagram na WhatsApp zilikuwa zimeshajaa viatu, mapazia, mikoba na vyombo vya jikoni, na mizigo ilikuwa inatoka kila siku. Ila waliokuwa wakiuza huko hawakuwa na godauni. Walikuwa na Kariakoo.

Kila aliyewahi kuagiza anaujua mfumo wenyewe. Dada anaweka picha za magauni kwenye status. Mteja wa Kimara anachagua na kutuma hela kwa simu. Gauni halipo nyumbani kwa dada; analifuata mwenyewe, au anamtuma winga (dalali wa mtaani), kwenye duka la mtaa wa Kongo au Narung'ombe, na duka nalo linalitoa kwenye stoo iliyoko ghorofa ya tatu ya jengo la nyuma. Baada ya hapo ni kazi ya boda. Pango la kuhifadhi limelipwa na mwenye duka peke yake, na angelilipa hata kama intaneti isingekuwapo. Kwa maneno mengine, wauzaji wa mtandaoni wa Dar es Salaam wanautumia mtaa mzima kama stoo yao ya pamoja, bila kutoa hata senti ya pango. Ndiyo maana wanaweza kuridhika na faida ya elfu tatu kwa gauni. Kampuni yenye godauni, wahasibu, magari na mfumo wake wa kompyuta inashindanaje na mtu asiye na gharama hata moja kati ya hizo?

Kuna gharama, lakini, na inamwangukia mtu. Kwanza inaiangukia Kariakoo yenyewe. Majengo mengi ya eneo lile yana maduka chini na marobota juu, katika vyumba ambavyo mchoraji alikusudia watu walale. Ngazi ni nyembamba, nyaya zimepishana, na gari la zimamoto likihitajika saa nane mchana sijui lipite wapi. Soko kuu liliungua Julai 2021. Novemba 16, 2024 jengo la ghorofa liliporomoka hapohapo Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Sisemi kwamba biashara ya mtandaoni ndiyo iliyoliangusha. Ninachosema ni kwamba eneo ambalo tayari lilikuwa limeelemewa linazidi kuongezewa mzigo na wateja ambao hawakanyagi hapo, kwa hiyo hata msongamano wa watu hautuonyeshi tena ni bidhaa kiasi gani kimelundikwa juu ya vichwa vya wauzaji.

Serikali nayo haioni kilichomo. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo waligoma, na miongoni mwa malalamiko yao lilikuwamo agizo la Mamlaka ya Mapato (TRA) la kusajili stoo. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alikutana nao Mnazi Mmoja, na usajili huo ukasitishwa. Mfanyabiashara aliona mtego wa kodi, na kwa jinsi kikosi kazi cha kodi kilivyokuwa kikifanya kazi siku zile, alikuwa na sababu ya kuogopa. Hata hivyo ramani ya stoo ni kitu ambacho mji wa watu milioni 5.4, kwa hesabu ya Sensa ya 2022, unapaswa kuwa nacho. Zimamoto wanaihitaji kuliko TRA. Kuikabidhi kazi hiyo kwa mkusanya kodi, tena peke yake, ndiko kulikoiharibu.

Hapo ndipo hoja ya godauni za kisasa nje ya mji inapopata nguvu, na inastahili kusikilizwa. Nairobi imeshaanza safari hiyo. Maghala ya zamani ya Industrial Area yamebaki katikati ya foleni, huku mapya yenye sakafu imara, dari ndefu na nafasi ya malori kugeuza yakijengwa Tatu City, upande wa Ruiru, na Tilisi karibu na Limuru. Ardhi huko ni nafuu kuliko mjini, bidhaa zinahesabika, na bima inakubali kuandika mkataba bila kuuliza maswali mengi. Kwetu, mwaka 2025 ulifunguliwa mradi mkubwa wa kituo cha biashara Ubungo, pale palipokuwa stendi ya mabasi ya mikoani, na bandari kavu ya Kwala mkoani Pwani nayo ikazinduliwa. Wanaoitetea njia hii wanasema: toa mzigo Kariakoo, upeleke mahali penye nafasi, halafu magari yasambaze kwa ratiba. Muuzaji mdogo atakodi rafu moja badala ya chumba kizima. Kwa mwagizaji wa kontena hoja hii haina mpinzani. Sioni kwa nini friji 200 zilale katikati ya mji zikisubiri wateja wa Mwanza na Mbeya.

Kwa gauni la mteja wa Kimara hesabu ni nyingine. Chukua mfano godauni liwe Kibaha, kama kilomita 40 kutoka katikati ya Dar es Salaam. Gari likitoka huko limejaa mizigo ya upande mmoja, kila mfuko unabeba sehemu ndogo tu ya mafuta. Tatizo ni kwamba oda za mji huu hazijipangi hivyo. Moja inaenda Mbagala, ya pili Bunju, ya tatu Kigamboni ng'ambo ya maji, ya nne Gongo la Mboto, na zote zinatakiwa leo. Kariakoo, pamoja na kero zake zote, ipo pale barabara za mji zinapokutana, na boda akitoka hapo anaelekea popote. Ukihamisha stoo kwenda nje unaokoa pango na unaongeza nauli. Kwenye kochi au televisheni nauli hiyo inamezeka. Kwenye blauzi ya elfu kumi na tano inaila faida yote.

Hata hivyo naona pande zote mbili zinabishania umbali wakati fedha nyingi hupotelea kwingine. Zinapotelea kwenye dakika 25 ambazo boda anazitumia akiwa ameshafika mtaani. "Upo wapi?" "Nipo hapa kwenye nguzo, karibu na duka la Mangi." "Maduka ya Mangi yapo matatu." Simu inakatika. Mteja yupo kazini, aliyebaki nyumbani hana hela. Boda anarudi na mzigo, na inaanza kesi ya nani alipe nauli ya kurudi. Safari ya namna hiyo ikitokea mara moja katika tano, inakula faida ya zile nne zilizofanikiwa, na haijalishi mzigo ulitoka Kibaha au mtaa wa pili.

Serikali ilijaribu kutibu sehemu ya ugonjwa huu. Mwaka 2022, kuelekea Sensa, ilifanyika operesheni ya anwani za makazi: vibao vya majina ya barabara vikasimikwa, milango ikaandikwa namba, na programu ya simu ya NaPA ikatolewa. Ni kazi kubwa na naiheshimu. Lakini niambie ni duka gani la Instagram linalomwomba mteja namba ya nyumba na jina la barabara. Wanamwomba "lokesheni" ya WhatsApp, na mteja anaituma akiwa ofisini Posta wakati nyumba iko Goba.

Sasa linganisha na mteja wa Mwanza. Muuzaji anafunga mzigo, anaandika jina na namba ya simu kwa kalamu nzito, anaupeleka kwa wakala wa basi, anapiga picha ya risiti na kuituma. Kesho yake mteja anaenda stendi ya mabasi na kitambulisho chake, anachukua. Hakuna anayetafuta nguzo wala duka la Mangi. Kwa mizunguko, kupeleka mzigo Mwanza ni kazi nyepesi kuliko kuupeleka Goba, na sababu ni moja tu: mkoani mteja ndiye anayeufuata mzigo, mahali panapojulikana.

Kwa hiyo mimi naegemea vituo vya kuchukulia mizigo mitaani. Iwe duka la wakala wa fedha, stationari au famasi iliyo karibu na kituo cha daladala, inayopokea mizigo 40 kwa mkupuo na kuigawa kwa ada ndogo hadi saa tatu usiku. Boda mmoja, au bajaji, anafanya safari moja badala ya 40. Nairobi kampuni kama Pickup Mtaani inafanya hivyo kwa kutumia maduka yaliyopo, na Jumia yenyewe, kwenye nchi ilikobaki, inavitegemea sana vituo vya aina hiyo.

Atakayenipinga atanitajia Copia. Kampuni hiyo ya Kenya ilijijenga juu ya mawakala wa mitaani na vijijini, ikachangisha mamilioni ya dola, na bado Mei 2024 ikawekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi. Ni pingamizi zito. Jibu langu ni kwamba kwa Copia wakala alikuwa ncha tu ya mnyororo. Nyuma yake kampuni ilibeba yenyewe bidhaa, ghala kubwa, malori na mishahara, huku ikiuza vitu vyenye faida nyembamba kama mafuta ya kupikia na unga. Kituo cha mtaa kinapunguza gharama ya kufikisha. Hakiwezi kulipia ghala lisilojaa. Sendy, iliyokuwa ikiunganisha wenye mizigo na wasafirishaji, nayo iliingia ufilisi mwaka 2023, na yenyewe haikuanza kwa kumiliki magari. Kwa hiyo sidai kwamba njia hii ni salama. Nadai ina hasara ndogo ikishindikana, kwa sababu duka lilikuwepo kabla na litabaki baadaye.

Kuna wanaopoteza pia. Mama mwenye mtoto mchanga, mgonjwa, mzee anayeishi peke yake, hao wanalipia kuletewa mlangoni na wana haki ya kuendelea kuletewa. Vijana wa boda watapungukiwa safari za mjini. Hapa nasita kidogo, maana vijana hawa ndio waliozibeba gharama zote ambazo mfumo wa sasa unazificha: mafuta ni yao, muda wa kusubiri ni wao, na pikipiki ikigongwa njiani mzigo wa watu unakuwa deni lao. Muuzaji hana mkataba nao, mteja hamjui hata jina. Kumwambia kijana wa namna hiyo kwamba sasa tumepata utaratibu bora unaohitaji safari chache, bila kumpa chochote, ni ukatili. Afadhali safari zenyewe ziwe za mkataba: kutoka Kariakoo saa tano na saa kumi, njia ileile, malipo ya wiki, na bima ya mzigo ndani yake.

Bima hiyo ndiyo sehemu ngumu, na haimhusu boda peke yake. Simu ya laki nane ikipotea kwenye famasi ya Tabata, nani anamlipa mteja: dada mwenye ukurasa, winga aliyeichukua mtaa wa Aggrey, boda au mfamasia aliyeipokea kwa ada ya shilingi mia tano? Leo jibu ni kwamba watazimiana simu wote wanne. Mpaka pawepo karatasi ya kupokelea inayosema mzigo ulikuwa mikononi mwa nani saa ngapi, mfamasia mwenye akili atakataa kupokea kitu chochote kinachozidi thamani ya jozi ya ndala, na atakuwa na haki.