Ree ya Kopa

Kiinimacho ni kazi ya mikono, na mikono haina lugha. Hivyo ndivyo nilivyomjibu meneja wa hoteli moja ya Watamu aliponiuliza kama naweza kuwachezea Waitaliano sitini baada ya chakula cha usiku, ilhali Kiitaliano changu kinaanzia kwenye ciao na kuishia kwenye pizza. Meneja hakuridhika. Akanipa kijana mmoja wa baa, Mgiriama aliyeokota Kiitaliano chake ufuoni akiuza vinyago. "Huyu atakutafsiria," akasema. Nikakubali kwa adabu tu. Laiti ningemwacha na glasi zake.

Mchezo wa kwanza ulikwenda kama maji. Kitambaa chekundu cha hariri, sentimita 23 kwa 23, unakisokomeza kidogo kidogo ndani ya ngumi ya kushoto. Kikizidi ukubwa huo hakiingii, maana ndani ya ngumi mna kidole gumba bandia cha plastiki kinachokipokea. Msukumo wa mwisho unaupiga kwa gumba la kulia, na gumba linapotoka limeshavaa kofia, kitambaa kimo ndani. Unafungua ngumi, hamna kitu. Ukitaka usishtukiwe, elekeza ncha ya gumba machoni mwa watu moja kwa moja. Likiwatazama hivyo, urefu wake hauonekani na rangi yake hawaijali. Rangi, lakini, mimi ilikuwa inanihusu. Vidole hivi mara nyingi huja rangi ya waridi, kwa hiyo changu nilikipaka kiwi ya viatu ya kahawia. Kwa joto la Februari, kitambaa kiliporudi kutoka "hewani" kilikuwa na pembe ya kahawia. Wageni hawakuona. Aliyeona ni mkalimani, akaninong'oneza, "Mzee, kidole chako kinachuja."

Makofi yakalia. Nikataka watulie nipange meza, nikawapa ishara niliyoizoea kwetu Mombasa kwa Waarabu wetu: vidole vitano nimevikusanya, ncha juu, mkono unapanda na kushuka. Subirini kidogo. Ukumbi ukaangua kicheko. Kijana akanieleza kwamba kwa Waitaliano ishara ile ile ni ya kumwuliza mtu, "Wewe, wataka nini hasa?" Basi nimesimama mbele ya watu waliolipia chakula na burudani, nawauliza wanataka nini.

Ningekuwa na akili ningeendelea na vitambaa na kamba mpaka mwisho. Lakini nilikuwa nimebeba manila yangu yenye saa niliyoichora kwa kalamu nene, na mchezo wa saa nilikuwa naupenda kuliko yote, kwa sababu hauhitaji hila yoyote ya mkono. Mtu anafikiria namba moja ya saa, kimya. Wewe unagonga namba kwa kalamu, na yeye anahesabu moyoni, kila kalamu ikigonga (huo ndio mgongo mmoja) hesabu moja, akianzia namba *inayofuata* ile aliyoifikiria. Akifika ishirini anasema basi. Kalamu inakutwa imesimama juu ya namba yake. Migongo saba ya mwanzo unagonga popote upendapo, hapo ndipo unapokunja uso kama mtu anayesikiliza majini. Wa nane lazima uangukie 12. Wa tisa 11, wa kumi 10, na kuendelea kurudi nyuma. Mtu aliyefikiria 9 atahitaji migongo kumi na mmoja kufika ishirini, na mgongo wa kumi na moja uko kwenye 9. Hesabu tupu.

Nikamchagua mama mmoja mwenye miwani mikubwa. Nikamweleza kijana taratibu, naye akamweleza mama kwa mikono na mdomo, kwa haraka ya mtu anayeuza kinyago jua likizama. Nikaanza kugonga. Mama akasema "Basta!" Nikaangalia: 8. Nikajivuta kidogo, kimya cha heshima, halafu nikatangaza kwa sauti ya redio, "Ulifikiria saa mbili!"

Mdomo wangu umezaliwa Mombasa. Ukiona 8 kwenye saa, unasema saa mbili, hauombi ruhusa kwa mtu. Na kijana, ambaye maisha yake yote 8 ni saa mbili, safari hii akaamua kutafsiri neno kwa neno: "Le due!"

Mama akaitazama kalamu iliyokaa juu ya 8. Akanitazama mimi niliyesema mbili. Kisha akasema kwa upole, kama anayemwambia mtoto mkojo umemtoka, kwamba alifikiria 9.

Namba tatu kwa mchezo mmoja! Ile 8 ilitoka wapi, nilikuja kuijua baadaye. Kijana alimwambia mama aanze kuhesabu na namba yake. Neno "inayofuata" alilimeza. Ukianza na 9 yenyewe unafika ishirini kwenye mgongo wa kumi na mbili, na wa kumi na mbili uko kwenye 8. Utapungukiwa moja daima. Nikamtazama kijana kwa jicho ambalo kwa lugha zote maana yake ni rudi baa.

Kuanzia hapo niliapa kutumia masikio yangu mwenyewe.

Meza ya mbele walikuwako watatu, wanaume wawili na bibi mmoja, wamekaa muda wote bila kugusa karata zao wakimsubiri wa nne. Sasa akaingia: mzee mnene, shati la maua, sikio zito. Wakamsogezea kiti kwa kelele. Nikamfuata na karata zangu. Akazikataa kwa kidole, akanisukumia zao. Zenu zimetiwa dawa, nadhani ndivyo alivyosema, na kwa kweli hakukosea.

Karata zile zilikuwa za Napoli. Arobaini tu, hazina nane, tisa wala kumi. Pembeni hazina namba wala herufi. Badala ya maua tuliyoyazoea mna vikombe, sarafu, panga na marungu. Nikazichanga polepole na kuchungulia ya chini, na Mungu alinipenda: marungu matatu, na katikati yake uso wa zimwi lenye masharubu. Sura kama ile huisahau hata ukilala. Nikaifanya ufunguo.

Njia hii haina haja ya neno hata moja. Mtu anachomoa karata, anaitazama, anairudisha juu ya fungu. Anakata mara moja, la chini linakuja juu, na ufunguo wako unatua mgongoni mwa karata yake. Ukizifunua moja moja kutoka juu, likitokea zimwi, inayofuata ndiyo. Anaweza kukata mara kumi, hainisumbui. Kinachoharibu ni kuchanga, au mtu akichomoa fungu dogo na kulichomeka katikati, kwa kuwa hapo ufunguo na mlango huweza kuachana.

Mzee akachomoa, akamwonyesha bibi, na kwa vile masikio yake ni mazito, mnong'ono wake ulisikika mpaka jikoni: "Re di coppe."

Moyo wangu ukaruka. Ree ya kopa! Nimesikia kwa masikio yangu, bila kijana wa baa. Wareno walifika Malindi 1498, nguzo ya Vasco da Gama ingali imesimama pale ufuoni, na majina ya karata ya wazee wetu wa pwani yana asili ya kwao: kopa, shupaza, uru, pau. Mwitaliano na Mreno ni ndugu wa lugha. Basi mzee huyu anasema lugha ya babu yangu! Na ree kwetu ni ile karata ya moja, mkubwa wa wote.

Mzee akarudisha karata, akakata. Bibi naye akapitisha mkono, akachomoa fungu dogo, akalichomeka katikati. Nikaona, sikujali. Nilikuwa na masikio.

Nikazifunua. Zimwi likatokea. Iliyofuata ilikuwa mtu amevaa taji na kushika kikombe. Nikajisemea, unaona, bibi ameshatenganisha. Nikampita yule mwenye taji kama anayempita askari wa trafiki, nikaendelea kumtafuta ree. Kopa zetu ni mioyo, hizi hazina mioyo, lakini kopa, kopo, kikombe, mtu mzima haelezwi. Kikatokea kikombe kimoja kikubwa, peke yake. Nikakiinua juu ya kichwa.

"Ree ya kopa!"

Mzee akatikisa kichwa. "No. Re."

"Ndiyo. Ree!"

"No, no. Re!"

"Si ndiyo hii? Ree!"

"Re!" Akapiga meza. Na mimi nikapiga meza. Wanaume wawili wazima, neno moja, tunalirushiana kama tunaotukanana, na ukumbi mzima umesimama kuona nani ataanza kumpiga mwenzake.

Kijana akaja mbio. "Mzee, anasema hiyo si re, ni asso."

"Asso ni nini?"

"Sijui. Mie sichezi karata, mama yangu mlokole."

"Basi mwambie atafute mwenyewe hiyo ree yake!"

Akamwambia. Mzee akapekua fungu, akamchomoa yule mwenye taji na kikombe, akamkita mezani mbele yangu. Mfalme. Re kwao ni mfalme! Yule niliyempita. Bibi hakuwa ametenganisha kitu, fungu lake dogo lilikuwa limeangukia kwingine kabisa. Zimwi lilikuwa limenionyesha ukweli na mimi nikasikiliza masikio.

Nikapiga ukelele wa uchungu, kwa jina la karata ile kama wazee walivyolitaja: "Lo! Kumbe ni mzungu wa nne!"

Kwa karata za pwani picha zote ni wazungu, na mfalme ndiye wa nne. Lakini mtoto wa mlokole atayajulia wapi haya? Akageukia ukumbi, akatafsiri kwa sauti safi, neno kwa neno: "Il quarto bianco!"

Kimya. Mzee akatazama karata. Akawatazama wenzake: mmoja, wawili, watatu. Akajitazama kifuani. Wa nne, aliyesubiriwa usiku mzima, mfalme ametoka mkononi mwake. Uso ukamfunguka. "Il quarto! Sono io!" Wa nne ni yeye! Akanikumbatia mpaka mbavu zikalia. Watu wakapanda juu ya viti. Yule mama wa saa alifuta machozi. Wakaniinulia glasi, wakanitaka nirudie, nikakataa, na wao wakakubali kwamba mchezo mzito kama ule haurudiwi.

Meneja akanipa mkono kwa mara ya kwanza. Mzee akanitia mfukoni noti ya yuro 20.

Nilipokuwa nyuma ya jikoni nikisugua kiwi kwenye gumba, kijana akaja kudai nusu yake. Sikubishana. Nikamhesabia kwa shilingi, kwa bei ya yuro ya miaka mitatu nyuma. Akazikunja, akasimama, hakuondoka.

"Mzee, niambie kweli. Yule alikuwa hajaingia ulipoanza. Ulijuaje kama atakuwa wa nne?"

Nikamwambia siri ya fundi haitolewi jikoni.