Pua Yangu Haikuulizwa Kama Ni Safi

Juzi kwenye kundi la familia umeingia ujumbe wa sauti wa dakika 4. Mama mmoja, sijui ni nani, anawaonya mabinti kuhusu ugonjwa uitwao mshtuko wa sumu, ule unaohusishwa na tamponi, vile vipamba vinavyoingizwa ukeni wakati wa hedhi. Nikasema afadhali, mtu kajitokeza kulisema hili. Kumbe! Akafika mahali akashusha sauti, kama mtu anayepita karibu na chumba cha mgonjwa: "Binti msafi hawezi kuupata."

Chai yangu ilipoa nikibishana na simu.

Mama, ngoja nikusimulie habari za pua yangu. Miaka kadhaa iliyopita damu ya pua ilinitoka ikagoma kukata. Hospitali wakanijaza shashi puani, ndefu kama utepe wa fundi cherehani, hadi machozi yakanitiririka. Muuguzi akaniandikia siku na saa ya kuja kutolewa. Akasema ukipata homa kali, ukitapika, ukiona ngozi imekuwa nyekundu kama iliyochomwa na jua, usiingoje tarehe, njoo. Alisema kwa sauti ya kawaida, watu wanapita. Hakuniuliza kama huwa naiosha pua.

Baadaye sana ndipo nilipojua alikuwa akinionya kuhusu ugonjwa huohuo. Bakteria ni yuleyule, stafilokokasi, ambaye takriban watu 3 kati ya 10 wanatembea naye puani bila habari. Mpe pa kujibanza, iwe shashi, tamponi, kidonda cha upasuaji au jeraha la moto, anaweza kumwaga sumu inayoivuruga kinga ya mwili hadi presha inaporomoka. Watu wazima wengi wana kingamwili, yaani walinzi wa mwili, za kupambana na sumu hiyo. Vijana wengi bado hawajazipata. Hazipatikani kwenye sabuni.

Ugonjwa ulipopewa jina huko Marekani mwaka 1978, daktari wa watoto, James Todd, alikuwa akieleza visa vya watoto 7 wa miaka 8 hadi 17, wavulana wakiwemo. Hao wavulana nao walikosea wapi kwenye hedhi? Mwaka 1980 wagonjwa walipoongezeka, wengi wao wanawake waliokuwa kwenye hedhi, kilichoondolewa sokoni ni tamponi za Rely, zilizoundwa kunyonya kupita kiasi. Lakini lawama, kama kawaida, ikabaki kwa msichana.

Haya, nakubali: mikono ioshwe kabla ya kuweka tamponi na baada ya kuitoa. Na ndiyo, ugonjwa wenyewe ni nadra. Nimeshakubali, tuendelee.

Kinachonikera ni kwamba neno "uchafu" linafunga mdomo. Mtazame binti ana homa ya nyuzi 39, anatapika, anaharisha, misuli inauma, akisimama anaona giza. Kila mtu anamuuliza alikula nini. Baba yuko pembeni ya kitanda, kaka kashika beseni. Nani atasema mbele yao kwamba ana tamponi tangu jana asubuhi, wakati amefundishwa kwamba aibu hiyo ni ya wachafu? Atasema ni chakula. Nayo tamponi inabaki palepale, bakteria wakizalisha sumu humo, na ndiyo iliyopaswa kutoka kwanza, kabla hata ya kufika hospitali. Huko kuna dripu nyingi za kuinua presha, kuna antibiotiki, mara nyingi klindamisini ikiwa mojawapo kwa sababu inawazuia bakteria kutengeneza sumu, na wengine huishia chumba cha wagonjwa mahututi. Hali hubadilika ndani ya saa chache. Saa hizo ndizo tunazozichezea kwa heshima zetu!

Kinga yenyewe haihitaji dakika 4. Badilisha tamponi kila baada ya saa 4 hadi 8, chagua yenye unyonyaji mdogo kadiri inavyokutosha, usiku vaa pedi. Kikombe cha hedhi nacho kina saa zake. Aliyewahi kuugua aachane na tamponi, maana ugonjwa huu hurudi.

Nikarekodi ujumbe wangu, sekunde 11: "Ukiwa na tamponi ukashikwa na homa ya ghafla, itoe, nenda hospitali, uwaambie ulikuwa nayo." Nikautuma kwenye kundi lilelile. Kimya. Shangazi aliyeuleta ule wa kwanza akaweka kijiuso cha kuziba macho.

Aliyejibu wa kwanza ni baba: "Tamponi ndiyo nini?"

Nikampigia.